Uzoefu wangu: mkadiriaji majenzi kwa kazi ya kuongeza vyumba viwili, Dodoma mjini

Huduma ninayoipima hapa ni mchanganuo wa gharama, ule tuliozoea kuuita BOQ, ulioandaliwa na mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa. Kazi ilikuwa kuongeza vyumba viwili nyuma ya nyumba ya zamani, pamoja na ukarabati wa sakafu, paa la nyuma na umeme. Ada yake ilikuwa sawa na bei ya mifuko 20 ya saruji. Nampa nyota nne kati ya tano, na iliyokosekana nitaieleza.

Nyumba mpya kwenye kiwanja kitupu unaweza kuikisia kwa bei ya mita ya mraba na usikosee sana. Upanuzi hauendi hivyo. Hela ya upanuzi inaliwa pale jengo jipya linapokutana na la zamani: kubomoa, kuezua, kuunganisha, kuhamisha waya, kuondoa kifusi. Makisio ya fundi huwa na tofali, saruji, mbao na bati, halafu "ufundi" kwa mkupuo. Mambo ya maungio hayamo, na siyo kwamba fundi anakuficha. Yeye anahesabu anachokijenga, hahesabu anachokivunja.

Kabla ya kulipa, muulize namba ya usajili wake kwenye Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, iliyo chini ya Sheria Na. 4 ya 2010. Halafu tazama kama anapanda darini. Anayepima kwa nje tu na kuondoka atakuletea BOQ ya nyumba mpya iliyobandikwa jina la ukarabati. Huyu alipanda, akapima mbao za kenchi (fremu zinazobeba bati), akahesabu nafasi zilizobaki kwenye kisanduku cha umeme, akachimba kidogo kando ya ukuta wa nyuma kuona msingi wa zamani umeishia wapi.

Hesabu zenyewe sasa. Upanuzi ni mita 7 kwa 4 na unaegemea ukuta wa nyuma, kwa hiyo kuta mpya ni pande tatu na moja ya kugawa vyumba, jumla mita 19. Kimo kutoka kwenye jamvi (zege la sakafu) hadi chini ya lenta (mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha na milango) ni mita 2.8. Ukitoa madirisha matatu ya mita 1.5 kwa 1.2 na mlango wa ukuta wa kati, zinabaki mita za mraba 46. Tofali za inchi 6 zikisimamishwa huenda 10 kwa mita ya mraba, na za kuvunjika zimo humo, ndiyo 460. Kwenye msingi zinalazwa, kwa hiyo ni 14 kwa mita ya mraba, na kwa kimo cha mita 1 zinafika 270 hivi. Jumla 730. Makisio ya fundi yalisema 950.

Zege: la chini ya msingi, upana sentimita 60 na unene 20, ni mita za ujazo 2.3, jamvi la sentimita 10 ni 2.5, lenta 0.6. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, kila mita ya ujazo hula mifuko 6.5 ya kilo 50, kwa hiyo zege lote ni mifuko 35. Kujengea tofali ni mifuko 15. Lipu ya milimita 15 ndani na nje, pamoja na kusawazisha ukuta wa zamani uliogeuka kuwa wa ndani, ni mita za mraba 113, na mfuko mmoja unapiga kama mita 7, ndiyo 16. Jumla ni mifuko 66. Kipengele cha lipu ndicho cha kukitolea macho. Ukuta usiponyooka, fundi huusahihisha kwa lipu, na lipu ikifika milimita 25 mfuko haupigi tena mita 7, unapiga 4. Hapo mifuko 16 inageuka 28 na hakuna aliyeiba.

Kilichonifurahisha kwenye nondo ni kwamba ameziandika kwa kilo, hakuishia kwenye idadi. Lenta inataka nondo 7 za milimita 12 na 5 za milimita 8 kwa ajili ya ringi, zile pete zinazozifunga pamoja, za kila sentimita 20. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 lazima iwe na kilo 10.66. Ukifika dukani, iweke kwenye mizani. Ikisoma kilo 9, umeuziwa milimita 11 kwa bei ya 12, haijalishi kibandiko kinasema nini. Urefu nao upimwe, maana zipo zinazopungua.

Mchanga na kokoto navyo vimeandikwa kwa mita za ujazo, wakati muuzaji anauza kwa tripu. Suluhisho ni futi kamba: pima bodi ya tipa urefu, upana na kimo cha mzigo baada ya kusawazisha. Bodi ya mita 3.6 kwa 2.1 iliyojazwa hadi sentimita 60 imebeba mita za ujazo 4.5, hata kama dereva anaapa ni 6. Mchanga wenye unyevu huvimba, unaweza kuongezeka robo nzima, kwa hiyo tripu ya mchanga mbichi ina mchanga kidogo kuliko inavyoonekana.

Msingi. Udongo wa Dodoma haufanani. Kuna mchanga mwekundu ulioshikana vizuri, na kuna mfinyanzi mweusi wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Mchanganuo uliweka kina cha sentimita 90, ukaandika "itapimwa upya", na pembeni ukaweka bei ya kila sentimita 30 zitakazoongezeka, ikiwemo kutoa udongo na kurudishia moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kina kikiandikwa kama namba iliyofungwa, ukikutana na mfinyanzi utaanza kubishana na fundi mkiwa mmesimama ndani ya mtaro.

Pale ukuta mpya unapogusa wa zamani, alitenga fungu la tahadhari na kuandika kwamba uamuzi ni wa mhandisi. Njia ni mbili. Kwenye udongo mgumu unatoboa ukuta wa zamani na kushonea vipande vya nondo kila baada ya kozi (mistari ya tofali) tatu. Kwenye mfinyanzi, nyumba ya zamani imeshatulia na mpya bado itashuka, kwa hiyo ukizifunga pamoja ufa utatokea popote unapotaka wenyewe. Heri kuacha mwanya wa milimita 12, ukaujaza kitu laini na kuufunika kwa kipande cha mbao au cha aluminiamu. Mafundi wengi hawaupendi mwanya huo kwa sababu unaonekana kama kasoro. Ufa unaonekana vibaya zaidi.

Paa ndilo lililorudisha ada yote. Pendekezo la kawaida la fundi ni "kushusha bati", yaani kuendeleza paa la zamani kwenda nyuma. Piga hesabu: ukuta wa zamani una kimo cha mita 3. Ukishuka kwa nyuzi 10 ndani ya mita 4, umepoteza sentimita 70, na ukuta wa mwisho una mita 2.3 kabla hujaweka dari. Ukipunguza mteremko hadi nyuzi 5 unapata mita 2.65, lakini mvua ikija na upepo, na upepo wa Dodoma mnaujua, maji yanarudishwa juu chini ya maungio ya bati. Kwa hiyo mchanganuo ulihesabu paa la mgongo wake, linaloingia kwenye la zamani kwa vali mbili, yaani mifereji ya pale miteremko miwili ya paa inapokutana.

Hapo ndipo namba zinapoachana na za fundi. Upanuzi wenyewe, pamoja na sentimita 60 za kutokeza nje kila upande ulio wazi, kwa mteremko wa nyuzi 20, unataka bati mita za mraba 40. Mchanganuo uliandika 58. Kati ya 18 zilizozidi, 13 ni pembetatu inayopanda juu ya paa la zamani hadi kukutana na mteremko wake, na 5 ni vipande vinavyopotea kwa kukatwa mshazari kwenye vali. Kila vali ina urefu wa mita 5 na kidogo, na imeandikiwa bati bapa ya upana wa sentimita 60, siyo kipande chembamba kinachokunjwa kutokana na mabaki. Vali nyembamba ikijaa majani, maji yanaruka na kushukia darini. Kukawa na mistari ya kuezua, kuondoa fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa) ya zamani, kuimarisha kenchi zinazobebeshwa mzigo mpya, na turubai la kufunika usiku. Bati zilizoezuliwa zimeandikwa thamani sifuri kwa sababu zina matundu ya misumari. Sahihi kabisa. Anayekuambia zitarudi juu anakuandalia kuvuja. (Rangi nayo haitafanana, bati mpya pembeni ya zilizokaa juani miaka, asiyependa hilo atenge hela ya kupaka paa zima.)

Dawa ya mchwa imo mara mbili, chini ya jamvi na kwenye mbao za paa. Dodoma usikubali kuifuta ili kupunguza jumla.

Nyota iliyokosekana ni ya maji. Mstari wa maji haukuwepo, yamefichwa ndani ya "maandalizi" kwa kiasi kidogo cha mkupuo. Mifuko 66 inataka kama lita 2,000 za kuchanganyia tu. Kumwagilia jamvi, lenta na kuta kwa siku 7, asubuhi na jioni, kwenye jua la Oktoba, kunakula zaidi ya hizo. Siku za mgao unanunua boza, na boza lina bei yake. Tena visima vingi vya huku vina chumvi: maji ya namna hiyo yanachochea kutu kwenye nondo na kuacha unga mweupe unaosukuma rangi ukutani. Maji ya zege yatoke bombani au kwenye boza ambalo umeonja maji yake, na tenki la lita 2,000 liingie kwenye bajeti kama kifaa cha ujenzi, litabaki kuwa la nyumbani.

Lingine la kulalamikia ni fungu la dharura: asilimia 10 kwa kazi yote. Kwa vyumba vipya inatosha. Kwa upande wa zamani haitoshi, weka 20, kwa sababu ukifumua ndipo unapokuta mbao zilizoliwa na waya usio na ethi (njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja). Nilimwomba azitenganishe, akafanya bila kuongeza ada.

Umeme na sakafu viko vizuri, sina mengi. Waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi, kisanduku kipya kwa sababu cha zamani kimejaa, na sharti la fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kwenye tailisi alikumbuka jambo linalosahaulika: zikiwekwa juu ya sakafu ya zamani zinainua sakafu milimita 30, kwa hiyo kuna mstari wa kukata milango yote kwa chini. Kibali cha ujenzi kutoka Jiji kimo pia. Upanuzi nao unakihitaji.

Ombeni faili la Excel lenye kanuni zake, siyo PDF. Bei ya saruji ikibadilika unaandika mpya sehemu moja na jumla inajirekebisha. Ufundi uandikwe mbali na vifaa, kwa tofali, kwa mita ya lipu, kwa mita ya bati, ndipo utakapoweza kulipa kwa kilichofanyika. Msinunue saruji yote kwa pamoja kwa kuogopa bei: ikikaa zaidi ya miezi mitatu inapoteza nguvu, na stoo ikipitisha unyevu hata miezi hiyo haifiki.

Kwa kazi ya kupaka rangi au kubadilisha tailisi tu, huduma hii haina faida. Pima urefu mara upana, ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, na nunua boksi moja la akiba la tailisi zenye namba ileile ya toleo, kwa sababu mzigo utakaofuata dukani utakuwa na rangi iliyotofautiana kidogo.