Kanisa Kuu la Durham: tazameni nguzo kwanza

Mimi ni mwashi. Kazi ya mawe nilifundishwa na baba kule Lushoto, na nikiingia jengo lolote macho hukimbilia kwenye maungio. Watu wengi huenda Durham, kaskazini mwa Uingereza, kwa ajili ya kaburi la Mtakatifu Cuthbert, mtawa na askofu wa kale. Mimi nalipatia kanisa hili nyota tano kwa sababu ya nguzo.

Msingi uliwekwa mwaka 1093, enzi za Wanormani, watu waliotoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, na kufikia 1133 ukumbi mkubwa ulikuwa na dari la mawe. Miaka 40 tu, kwa chokaa, kamba na mikono.

Nguzo za duara zina mzunguko wa mita 6.6, na kimo chake ni hichohicho. Moja imechongwa mistari ya kukunjakunja, nyingine maumbo ya almasi yenye pembe nne, nyingine mifereji. Sasa sikilizeni: kila jiwe lilichongwa kabla ya kupangwa, kisha mistari ikakutana jiwe kwa jiwe, kuizunguka nguzo nzima. Ukipotea nusu inchi kwenye safu ya chini, kosa linapanda nawe hadi juu. Nilizunguka nguzo moja polepole nikitafuta mahali mistari ilipokataa kukutana. Sikupaona.

Halafu inua kichwa. Mbavu za mawe zinakatizana darini, na matao makubwa ya katikati yamechongoka kidogo. Tao la duara likipanuliwa lazima lipande. Lililochongoka unalipangia kimo bila kugusa upana. Makanisa ya Kigothi, yale marefu ya matao yaliyochongoka, yaliyofuata yalisimama juu ya akili hiyo. Na uzito wote huo unazuiwa na matao nusu yaliyofichwa chini ya paa za pembeni, usiyoyaona ukiwa sakafuni.

Nje pananiuma. Karne ya 18 walichonga kuta wakaondoa inchi kadhaa za jiwe ili zionekane safi, wakafuta kazi ya wenzetu.

Upande wa magharibi kuna kanisa dogo la miaka ya 1170, lenye nguzo nyembamba za marumaru, na humo amelala Beda, mwandishi wa historia. Karibu na hapo sakafuni kuna mstari wa jiwe jeusi ambao zamani wanawake hawakuruhusiwa kuuvuka. Mke wangu aliuvuka, akaenda kukaa mbele kabisa, akasali.

Mwaka 1650 wafungwa wa vita wa Kiskoti, maelfu, walifungiwa humu na wengi wakafa. Inasemekana waliunguza mbao ili wapate joto. Nawaombea.

Kiingilio hakuna, ila sadaka huombwa. Mnara wenye ngazi 325 hulipiwa. Kama muda wenu ni mfupi, uacheni mnara. Saa nzima ipeni ukumbi wa nguzo, na msiogope kusogea karibu.