Michelin Pilot Sport 4S kwenye Subaru: lami ya Tanga, mvua ya Segera na kona za Soni

Nimefunga Michelin Pilot Sport 4S, saizi 245/40R18, kwenye Impreza WRX STI yangu, ile ya mlango wa nyuma. Matairi haya yamepita masika, yamepita na jua la Januari, na msimamo wangu ni huu: kwa mtu wa Tanga mwenye gari lenye nguvu, anayelitumia kila siku, haya ndiyo ya kununua. Vijana wa Subaru hapa mjini wananiuliza mbona sikuchukua tairi la mashindano kabisa, linalonata kama gundi. Swali zuri, na jibu lake linahitaji maelezo.

Angalia ubavu wa tairi, utaona neno TREADWEAR na namba mbele yake. Namba ikiwa ndogo, kwa kawaida mpira ni laini, unashika lami zaidi na unaisha mapema. Toyo R888R ni 100. Yokohama Advan Neova AD08R ni 180. Bridgestone Potenza RE-71RS ni 200. Pilot Sport 4S ni 300. Namba hizi kila kampuni inajipangia kwa majaribio yake, kwa hiyo usizichukue kama mizani ya dukani, lakini picha unaipata.

Ukisoma maoni ya madereva wa Japani, Ulaya na Marekani, wanaotaka kushika lami kuliko kitu kingine wanasifu matairi ya 200 kushuka chini. Wanachoyalalamikia zaidi ni baridi: chini ya nyuzi joto 7 mpira wa aina hii unakakamaa, na asubuhi tairi halijapata moto gari linateleza. Sasa sisi baridi hiyo tunaitoa wapi? Hata Lushoto ya Julai, unavaa koti na bado kwa kawaida uko juu ya hapo. Hapa mjini ukitoka Chumbageni mpaka Kange mchana, tairi limeshapata moto wake. Kwa upande huo Tanga ni nyumbani kwa matairi yanayonata.

Kinachotutesa sisi ni maji.

Barabara ya Segera inabeba malori mazito, ya saruji na ya mizigo ya bandari, na mahali pengi lami imebonyea njia mbili za magurudumu. Masika ikishuka, maji yanatuama humo humo unamotakiwa kupitisha tairi lako. Tairi la 100 au 180 limepunguziwa mifereji ili mpira mwingi uguse lami. Pakavu hiyo ni neema, lakini kwenye dimbwi maji yanakosa pa kutokea. Usukani unakuwa mwepesi ghafla, gari linaelea, na hapo hata uwe na Subaru ya kuendesha magurudumu yote manne haikusaidii, kwa sababu yote manne yako juu ya maji. Pilot Sport 4S ina mifereji mikubwa inayozunguka tairi zima. Naingia kwenye njia hizo za malori kwa mwendo wa busara na usukani unabaki mzito mkononi, unanieleza kinachoendelea chini. Uzito huo wa usukani ndio nilioulipia.

Mama yangu anaishi Lushoto, kwa hiyo barabara ya kupanda kutoka Mombo naijua kona kwa kona. Ni nyembamba, mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili, na ukipita Soni siku ya mvua unakuta udongo mwekundu umeshuka kwenye lami, na Fuso za mboga zinateremka zikidondosha maji. Pale sihitaji tairi la kunifikisha mapema. Nahitaji nikikanyaga breki katikati ya kona, kwa sababu mbele kuna bodaboda amebeba magunia, gari lisimame mahali nilipotaka. Haya yanasimama. Hata yakianza kuzidiwa kwenye udongo yanakupa taarifa mapema, hayakuachii kwa mpigo mmoja.

Kununua nako kuna mambo yake. Duka la kwanza nililoingia Dar es Salaam, matairi manne yalipangwa nikaonyeshwa upande mmoja. Nikaomba yageuzwe, maana tarehe ya kutengenezwa mara nyingi inaandikwa upande mmoja tu. Tafuta herufi DOT, nenda kwenye tarakimu nne za mwisho: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Matatu yaliandikwa 3122. La nne, 1417.

"Dada'angu, jipya hilo, halijawahi kugusa lami," muuzaji akaniambia.

Kweli halijagusa lami, lakini mpira unazeeka hata ukiwa stoo, na stoo zetu za paa la bati zinauzeesha kwa kasi. Utakuwa na matairi matatu yanayoshika na moja linaloteleza, na hujui ni kona gani litakapokuonyesha. Nikashukuru, nikatoka, nikapata kwingine seti ambayo yote manne ni ya mwaka uleule.

Kufunga nilifungia Ngamiani, kwa mzee mmoja ambaye gereji yake ni mashine mbili na turubai, na kazi yake naiamini. Kijana wake alipolilaza tairi la pili, neno OUTSIDE likawa linaangalia chini. Mzee akamwita palepale: "We, soma kwanza!" Likageuzwa. Jambo hili si la urembo. Kwenye Pilot Sport 4S mpira wa nusu ya nje na wa nusu ya ndani si mmoja. Wa nje umetengenezwa kwa kona za pakavu, wa ndani kwa lami yenye maji. Ukilifunga kinyume umenunua kitu kimoja ukafunga kingine. Simama pale fundi anapofanya kazi, usiende kunywa chai.

Wenzangu wa Subaru, nunueni manne kwa pamoja, aina moja. Mawili mapya mbele na mawili vipara nyuma maana yake mzunguko haulingani, na difu ya katikati inafanya kazi hata kwenye barabara iliyonyooka mpaka inaungua. Na upepo upimeni asubuhi tairi likiwa la baridi, kwa kufuata stika ya mlango wa dereva. Ile tabia ya kujaziwa PSI 40 kila gari inafanya tairi zuri likanyage kwa katikati tu, na fedha yako yote imepotea hapo.

Kasoro ipo. Ubavu wa 40, ile namba ya katikati kwenye saizi, ni mfupi, na kwenye matuta ya vijijini kuanzia Muheza mpaka Korogwe utayasikia yote mgongoni. Shimo kali linaweza kupinda rimu. Ndiyo maana nilichukua lenye namba ya uzito 97, ambalo linabeba kilo 730 kila moja, badala ya 93 la kilo 650.

Anayeshindana Jumapili na gari la pili analo, achukue Neova au RE-71RS kwa roho safi, ila ayatunze kwa pakavu. Na mwenye Toyota Altezza RS200, saizi yako ya 215/45R17 itafute kwenye Pilot Sport 4 ya kawaida, isiyo na S. Ile ya namba ya uzito 91 inakutosha kabisa.