Orodha Moja ya Kazi, Simu Nne: Uzoefu Wangu

Orodha inafika kwenye simu zote. Kengele ndiyo inayopotea njiani. Hilo ningependa mtu alijue kabla hajahamishia kazi zake zote kwenye programu ya mtandaoni ya orodha ya kazi na vikumbusho, kwa matumaini kwamba simu yoyote atakayoishika itamkumbusha. Nimeitumia programu ya aina hii kwa pamoja kwenye simu nne: Android ya zamani yenye RAM ya GB 2, Android mpya, iPhone, na simu ya vitufe inayoingia kwa kivinjari tu. Iko kundi moja na Todoist, Microsoft To Do, TickTick na Google Tasks: unafungua akaunti, kazi zinakaa kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni yenye programu, na kila simu inabeba nakala yake. Mengi ninayoyaeleza hapa utayakuta kwenye programu nyingine pia, kwa sababu yanatokana zaidi na simu kuliko na programu.

Kuanza ni rahisi. Kosa la kuepuka ni moja: kuingia kwa njia mbili. Ukijiandikisha kwa barua pepe na nenosiri kwenye simu ya kwanza, kisha kwenye simu ya pili ukabonyeza kitufe cha kuingia kwa akaunti ya Google au Apple, unaweza kujikuta umefungua akaunti nyingine, tupu kabisa. Apple hukupa hata chaguo la kuficha anwani yako na kutumia nyingine iliyotengenezwa; ukilichagua, seva haina namna ya kujua kuwa ni wewe yuleyule. Kwa hiyo ukikuta orodha tupu kwenye simu ya pili, usianze kuandika upya. Fungua mipangilio ya akaunti kwenye simu zote mbili, linganisha anwani herufi kwa herufi, na kama hazifanani toka kwenye ile tupu uingie kwa njia uliyoanza nayo.

Sasa kengele, maana hapa ndipo penye kazi.

Wengi hudhani seva ndiyo inayopiga kengele. Katika programu nyingi seva hutuma taarifa ya kazi tu, halafu simu yenyewe hujipangia kengele. Maana yake kikumbusho ulichokiweka sasa hivi kwenye simu ya kwanza hakiwezi kulia kwenye ya pili mpaka hiyo ya pili iwe imeamka, imeunganika na mtandao, imevuta mabadiliko, na imepanga kengele. Ni hatua nne, na mfumo wa simu unaweza kukata yoyote kati ya hizo.

Kwenye Android makato yameongezeka toleo baada ya toleo. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu ambayo haiko kwenye chaji, imetulia mezani na skrini imezimwa, huingia kwenye usingizi uitwao Doze. Ndani yake programu hazipati mtandao isipokuwa kwa vipindi vifupi, na kadiri simu inavyozidi kulala ndivyo vipindi vinavyozidi kuachana. Android 9 ikagawa programu kwa mafungu: unayoifungua kila mara hupewa nafasi, usiyoigusa hubanwa. Simu ya pili inaumia hapo kwa sababu tu ni ya pili. Huifungui mara nyingi, mfumo unaiona programu haina umuhimu, programu haivuti kazi mpya, na kengele hailii. Android 12 ikaleta ruhusa ya pekee ya kupanga kengele za saa kamili, yaani zinazolia kwa dakika ileile uliyopanga, na pia ikaanza kuzilaza kabisa programu ambazo hazijafunguliwa kwa miezi kadhaa. Android 13 ikaanza kudai ruhusa ya arifa. Kuanzia Android 14, programu nyingi unazosakinisha upya hazina ruhusa ya kengele za saa kamili mpaka uiwashe mwenyewe.

Kwa hiyo kwenye kila Android ninapita sehemu nne, zote ndani ya Mipangilio, Programu, kisha jina la programu yenyewe. Kwanza Arifa: ziwashwe, na nikague kila aina ya arifa ndani yake, kwa kuwa vikumbusho mara nyingi vina swichi yao tofauti. Pili Betri: nachagua programu isiwekewe vizuizi. Tatu, ruhusa ya kengele na vikumbusho, ambayo haiko pamoja na ruhusa za kamera na maikrofoni bali kwenye orodha ya ruhusa maalum. Nne, ile swichi ya kusimamisha programu isiyotumika: naizima. Baadhi ya watengenezaji wameongeza kizuizi chao juu ya hivi, kwa kawaida kwa jina la kujiwasha yenyewe au kulinda programu, na mara nyingine kimefichwa ndani ya programu yao ya kusafisha simu. Hicho ndicho kigumu kuliko vyote, maana kila kampuni imekipachika mahali pake.

Baada ya hapo lazima kujaribu, na hapa wengi hukosea kwa kujaribu huku wameishika simu mkononi. Simu uliyoishika iko macho. Itapokea kila kitu. Chomoa chaji kwenye simu ya pili, zima skrini, iweke mezani uiache saa nzima. Kisha kwenye simu ya kwanza andika kazi mpya yenye kikumbusho cha dakika 15 zijazo. Usiiguse ya pili. Ikilia kwa wakati, simu hiyo imefaulu. Isipolia, usikimbilie kuifungua programu. Washa kwanza hali ya ndegeni, ndipo ufungue. Kama kazi haimo kwenye orodha, tatizo ni kusawazisha: programu haikuruhusiwa kuvuta data chinichini, kwa hiyo rudi kwenye betri na kwenye vizuizi vya data. Kama kazi imo na saa yake iko sahihi, data ilifika na tatizo ni ruhusa ya arifa au ya kengele. Ukifungua programu bila kukata mtandao kwanza, itavuta kazi palepale na utakuwa umefuta ushahidi.

iPhone haina mlolongo mrefu kiasi hicho lakini ina mitego yake. Ruhusa ya programu kujisasisha chinichini iwe imewashwa. Hali ya kuokoa betri huizima kwa muda, na programu uliyoitupa juu kwa kidole kwenye orodha ya zilizofunguliwa haijisasishi mpaka uifungue tena. Mtu mwenye mazoea ya kufagia programu zote kila jioni anaua mwenyewe vikumbusho vipya anavyoviweka kwenye simu nyingine. Kuna na kikomo ambacho wachache wanakijua: iOS, mfumo wa iPhone, huhifadhi arifa 64 tu zilizopangwa na programu moja, zile za karibu zaidi. Mwenye vikumbusho 200 hatapoteza vya kesho, ila vya mbali vitapangwa pale atakapofungua programu tena. Kwa hiyo naifungua programu kwenye iPhone walau mara moja kwa siku, hata kama sina cha kuandika.

Simu za Huawei zilizotoka bila huduma za Google, kuanzia Mate 30 ya mwaka 2019, zinahitaji uangalifu zaidi. Programu inayotegemea njia ya Google kuamshwa haitaamshwa humo. Hiyo ichukulie kama simu ya kusomea orodha, na kengele iwe kwingine.

Ninachofanya sasa ni kuteua simu moja kuwa ndiyo ya kengele, ile iliyofaulu jaribio, na ndiyo ninayoipangia mambo yenye saa. Nyingine nimezizimia vikumbusho ndani ya programu. Faida nyingine ni kwamba kikumbusho hakilii mara tatu kwa kazi uliyokwisha kuimaliza kwenye simu nyingine, kero inayotokea pale simu iliyolala haijapata habari kuwa umeweka tiki.

Jambo la pili ni mabadiliko yanayogongana. Ukiwa mtandaoni muda wote hutayaona. Ila simu mbili zikikosa mtandao, kila moja ikibadilisha kazi ileile, seva italazimika kuamua. Kulijua jibu la programu yako ni kazi ya dakika tano: weka simu zote mbili kwenye hali ya ndegeni, ya kwanza badilisha jina la kazi, ya pili badilisha tarehe yake, kisha rudisha mtandao. Programu iliyotengenezwa vizuri itabaki na jina jipya na tarehe mpya, kwa kuwa inalinganisha kipengele kwa kipengele. Iliyo dhaifu inachukua kazi nzima kutoka kwa aliyefika mwisho, na badiliko la mwenzake linatoweka bila onyo.

Hata ile nzuri inashindwa kwenye maelezo marefu. Niliyoitumia inalichukulia sanduku la maelezo kama kitu kimoja: ukiongeza mstari kwenye simu hii na mstari mwingine kwenye ile, unabaki mmoja. Ndiyo maana vitu vya kununua au hatua za kazi siviandiki humo. Naviandika kama kazi ndogo ndogo chini ya kazi kuu, kila kimoja na kisanduku chake cha tiki. Hapo kila mstari unasafiri peke yake na haufutwi na mwenzake.

Kazi za kujirudia ndizo zilizonisumbua zaidi. Ukiweka tiki kwenye kazi ya kila wiki, programu huifunga na kuzaa ya wiki ijayo. Ukiweka tiki ileile kwenye simu mbili zisizo na mtandao, zinaweza kuzaliwa mbili, au tarehe ikaruka wiki mbili mbele. Dawa ni kuvuta orodha chini kwa kidole isawazishwe kabla ya kuweka tiki kwenye simu iliyokuwa imelala. Angalia pia kama marudio yanahesabiwa kutoka tarehe iliyopangwa au kutoka siku uliyomaliza. Kumwagilia mimea kila siku 3 kuhesabiwe kutoka ulipomwagilia. Kulipa kodi kila mwezi kuhesabiwe kutoka tarehe yenyewe. Na kazi ya kila tarehe 31 ijaribu kabla ya kuiamini: kuna programu zinazoiruka miezi yenye siku 30 na kuna zinazoirudisha siku ya mwisho ya mwezi. Nikitaka mwisho wa mwezi, natafuta chaguo lenye jina hilo, na lisipokuwepo naweka tarehe 28.

Kuhusu saa, kuna jambo letu sisi tunaoandika Kiswahili. Programu niliyotumia inatambua saa ukiiandika ndani ya jina la kazi, lakini kwa Kiingereza tu. Ukiandika "mpigie fundi saa mbili", itabaki kuwa jina tu, bila kikumbusho. Na nikimwagiza mtu aniwekee kazi kwenye orodha tunayoshirikiana, saa mbili asubuhi inaweza kuingia kama 2:00 badala ya 8:00, na simu ikalia usiku wa manane. Tumekubaliana kuandika kwa tarakimu za saa 24: 08:00, 14:30, 20:00. Simu zote pia ziwe zimewekewa saa ya kujirekebisha yenyewe kutoka kwenye mtandao. Simu ya zamani iliyowekewa saa kwa mkono na kuchelewa dakika 20 italia dakika 20 baadaye, na kwenye baadhi ya programu hata uamuzi wa nani alibadilisha mwisho unaweza kupotoshwa na saa hiyo mbovu.

Simu yenye RAM ya GB 2 inaitumia programu bila shida, ila wijeti, kile kidirisha cha orodha kwenye skrini ya mwanzo, hubaki na orodha ya jana kwa sababu mfumo huisukuma programu nje ya kumbukumbu kila unapofungua kitu kizito. Niliiondoa, afadhali kukosa wijeti kuliko kusoma orodha iliyochakaa. Emoji mpya kwenye majina ya orodha huonekana kama visanduku vitupu humo. Viambatisho vya picha nimeviacha, vinakula bando kwenye kila simu itakayovifungua. Simu ya vitufe, kwa kivinjari, inasoma na kuweka tiki vizuri, lakini bila mtandao haina kitu, na kengele usiitarajie.

Kabla ya kuchagua programu, tafuta kitufe cha kutoa nakala ya kazi zako kwa faili la CSV, yaani jedwali la maandishi linalofunguka kwenye programu nyingi. Wunderlist, programu nyingine ya orodha ya kazi, ilikuwa na watumiaji wengi, Microsoft ikainunua mwaka 2015, na tarehe 6 Mei 2020 ikafungwa. Mimi hutoa nakala kila mwanzo wa mwezi na huifungua nione kama tarehe na kazi ndogo zimo, kwani faili linaweza kuwa na majina ya kazi tu.

Na siku ya kuiaga simu ya zamani, usiifute kabla ya kuiunganisha na mtandao, kufungua programu na kuvuta orodha chini mpaka alama ya kusawazisha ipotee. Mabadiliko yaliyokuwa bado hayajatumwa yanakaa ndani ya simu hiyo peke yake. Hakikisha yameonekana kwenye simu nyingine, toka kwenye akaunti, kisha ingia kwa kivinjari na uiondoe simu hiyo kwenye orodha ya vifaa vilivyoingia.