Manyani Wawili wa Adili: Fantasia Ninayoirudia Kila Mwaka

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo tumekaa barazani maana ndani joto halivumiliki. Huu uzi mnaouona mapajani ni wa kitambaa cha kochi, bado nusu kukimaliza. Nitafuma huku naongea, kama kawaida yetu. Wengi mmeniomba hadithi za majini na uchawi zilizoandikwa kwa Kiswahili, basi ngoja niwaoneshe hiki hapa.

Adili na Nduguze, cha Shaaban Robert. Kilitoka mwaka 1952. Mnaona kilivyo chembamba? Jioni mbili umekimaliza. Lakini jamani, kisa chenyewe!

Mfalme Rai anamtuma mtu wake, Ikibali, aende Janibu kwa Adili kuchukua kodi. Usiku, Ikibali anamwona mwenyeji wake, mtu mpole anayesifiwa na kila mtu, anaingia chumba chenye manyani wawili waliofungwa. Anawachapa viboko. Akimaliza, anawabembeleza na kuwalisha. Na si usiku mmoja tu. Hapo ukifunga kitabu ukalale, mimi nitakushangaa.

Sasa, wale manyani ni ndugu zake Adili wa damu, Hasidi na Mwivu. Wamegeuzwa na jini anayeitwa Huria kwa ubaya waliomtendea ndugu yao. Ubaya gani, sisemi, msome wenyewe. Ninachotaka mkitazame ni hivi: waliokosa ni wale wawili, lakini adhabu imemfunga na Adili pia. Ameamriwa awapige, na anawapenda. Fantasia nyingi nilizosoma, uchawi ni wa kupigania vita. Hapa uchawi umeingia ndani ya nyumba, kati ya watoto wa baba mmoja, na anayeumia zaidi ni yule asiye na kosa.

Waliosoma Alfu Lela Ulela mtakuwa mmeshtuka, maana kisa cha namna hii kimo mle. Ila mle wale ndugu wamegeuzwa mbwa. Shaaban Robert akaweka manyani, na kwangu badiliko hilo moja ndilo linalokibeba kitabu. Nyani ana mikono. Ana uso. Unainua kiboko, na anayekutazama anakaribia kabisa kuwa mtu. Nilimsomea mdogo wangu sehemu hiyo umeme ulipokatika, kwa tochi ya simu, akaniambia, "Dada, ruka hapo." Sikuruka, na yeye hakuondoka.

Kuna pia mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Sehemu hiyo someni polepole.

Kasoro zipo. Majina yanafichua mambo mapema mno: mtu akiitwa Hasidi, utategemea nini kwake? Ningependa nimshuku taratibu. Na Kiswahili chake ni cha zamani, kina maneno ambayo mimi niliyatafuta kwenye kamusi. Msikate tamaa kurasa za mwanzo, zile za kumsifu mfalme. Hadithi inakolea Ikibali akishafika Janibu.

Anayetaka vingi vya aina hii, Alfu Lela Ulela ipo kwa Kiswahili, imefasiriwa na Hassan Adam, vitabu kadhaa. Hiyo ni ya kusoma kisa kimoja kimoja kabla ya kulala. Na kama mnapenda mizuka kuliko majini, tafuteni Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed, cha mwaka 2001. Mkubwa mmoja anayeitwa K anatokewa na mzuka wa babu yake, na babu hakuja kumsalimia. Kile ni kigumu zaidi, si cha watoto.

Nacho nimeanza kukisoma tena, kipo hapa chini ya kapu la uzi. Wiki ijayo tutakifungua pamoja. Na nyie niambieni mnasoma nini, na mikono yenu inafanya nini mkisikiliza: kufuma, kuchambua mchicha, kusuka? Ngoja nimalizie mstari huu kabla giza halijaingia.