Mdunguaji au mkabaji?

Timu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, imebakiwa na nafasi moja: imchukue mdunguaji wa pointi tatu (mfungaji wa kutoka mbali) au mkabaji asiyejua kufunga?

Kwa bei, mkabaji kwa kawaida ni nafuu. Mdunguaji Duncan Robinson, ambaye hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti (uteuzi wa wachezaji wapya), alisaini Miami Heat mwaka 2021: miaka 5, dola milioni 90.

Kwenye mtoano wote wawili huumbuka. Mdunguaji mzito wa miguu huwindwa: wapinzani huwazibia njia wakabaji wenzake mpaka abaki ana kwa ana na nyota wao. Mkabaji naye huachwa peke yake. Mwaka 2015 Golden State Warriors walimpangia Andrew Bogut "kumkaba" Tony Allen wa Memphis, yaani kumpuuza na kulinda kikapu. Dakika za Allen zikapungua.

Kudumu? Mkono huzeeka polepole kuliko miguu. Mdunguaji Kyle Korver aliitwa All-Star, mchezo wa nyota wa ligi, akiwa na miaka 33.

Nyota wako anapenya lakini hapigi kutoka mbali? Chukua mdunguaji. Wafungaji unao, ila hakuna wa kuzuia pembeni? Mkabaji, mradi afunge walau kutoka kona, ambako mstari wa pointi tatu uko mita 6.7 kutoka kikapuni, si 7.24.