Pixar Mbele ya Mtoto Asiyejua Kiingereza

Katika kumbi za sinema za Dar es Salaam filamu za katuni za Pixar, studio ya Marekani, huoneshwa kwa Kiingereza, ilhali watoto wengi wanaopelekwa kuzitazama husoma, hucheza na kugombana kwa Kiswahili. Hali hiyo inampa mzazi wa hapa kipimo ambacho wachambuzi wa Marekani hawanacho: mtoto wa darasa la pili atakaza macho kwenye skrini kwa muda gani kabla ya kumgeukia mtu mzima aliye karibu naye na kuuliza, “Anasema nini?” Nimekaa na watoto wangu na wa ndugu zangu mbele ya filamu nyingi za studio hii, ukumbini na nyumbani, na tathmini hii ninawaandikia wazazi wenzangu wanaotaka kujua ipi inastahili fedha yao. Msimamo wangu ni kwamba Pixar hupanda pale picha zenyewe zinapobeba hadithi, na hushuka pale wahusika wanapoachiwa kazi ya kuieleza kwa mdomo, na kwamba mapato ya kumbini si shahidi wa kutegemewa katika jambo hilo.

Uwezo huo wa picha haukuja kwa bahati. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, alipokinunua kitengo cha kompyuta cha kampuni ya Lucasfilm mwaka 1986 na kukifanya kampuni inayojitegemea, biashara iliyokusudiwa ilikuwa kuuza kompyuta za kuchakata picha, na filamu fupi zilitengenezwa ili wateja waone mashine hizo zinaweza nini. Kompyuta hazikupata wanunuzi wa kutosha, na Jobs akaendelea kuziba pengo kwa fedha zake mwenyewe kwa miaka. Filamu fupi, ambazo hazikutegemea maneno, ndizo zilizopendwa, na mojawapo, Tin Toy ya mwaka 1988, ikapata Tuzo ya Oscar. Watu waliokuwa wamejifunza kuifanya taa ya mezani ionekane ina furaha, ingawa haina uso wala mdomo, ndio waliokuja kutengeneza Toy Story, filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta, iliyotoka Novemba 22, 1995. Iligharimu takriban dola milioni 30 na kuingiza zaidi ya milioni 370. Wiki moja baada ya kutoka, kampuni iliingia katika soko la hisa, na hisa iliyouzwa kwanza kwa dola 22 ilimaliza siku ikiwa na thamani ya dola 39.

Utaratibu wao wa kazi unastahili kuelezwa, kwa sababu ndio unaoonekana katika matokeo. Kabla sehemu kubwa ya kazi ya kompyuta haijaanza, hadithi nzima huchorwa katika maelfu ya michoro, huunganishwa na sauti za muda, kisha hutazamwa na waongozaji wenzao ambao huikosoa bila kuoneana haya, ikabomolewa na kuchorwa upya mara nyingi. Utaratibu huo ulizaa matunda bora kati ya mwaka 2003, ilipotoka Finding Nemo, na mwaka 2010, ilipotoka Toy Story 3. Katika filamu saba za kipindi hicho, sita zilipata Oscar ya filamu bora ya katuni, na katikati yake, mwaka 2006, Disney ikainunua studio kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 7.4.

Mzazi ambaye hajawahi kumwonesha mtoto wake filamu hata moja ya Pixar aanze na WALL-E ya mwaka 2008. Roboti mdogo mzoa taka amebaki peke yake duniani, na kwa zaidi ya nusu saa ya mwanzo karibu hakuna mazungumzo yoyote. Mtoto wa Mbagala na mtoto wa Masaki, yule anayesoma kwa Kiswahili na yule anayesoma kwa Kiingereza, wanakaa mbele yake wakiwa sawa kabisa.

Hata hivyo, kipande ninachokiona kuwa bora kuliko vyote walivyowahi kutengeneza kiko mwanzoni mwa Up ya mwaka 2009, pale maisha ya ndoa ya Carl na Ellie yanapopita kwa dakika chache, kwa muziki peke yake. Wawili hao wana kibubu cha kioo wanamodunduliza sarafu za safari waliyoahidiana tangu utotoni. Tairi la gari linapasuka, kibubu kinavunjwa. Mume anavunjika mguu, kibubu kinavunjwa. Mti unaangukia paa la nyumba, kibubu kinavunjwa tena, na wanapoinua vichwa nywele zimekuwa nyeupe na safari bado haijafanyika. Hakuna mtu mzima wa jiji hili aliyewahi kuweka akiba ya kiwanja na kuitoa kulipia matibabu au ada ambaye atahitaji kutafsiriwa kipande hicho, na watoto niliowaona wakikitazama walinyamaza bila kuambiwa. Filamu hiyo ilikuwa ya kwanza ya katuni kufungua tamasha la filamu la Cannes, ikateuliwa kuwania Oscar ya filamu bora ikishindana na filamu za waigizaji, na ikaingiza zaidi ya dola milioni 730. Safari hiyo sifa na fedha zilikwenda pamoja.

Miaka miwili baadaye zilitengana. Cars 2 ya mwaka 2011 ni hadithi ya ujasusi inayoelezwa kwa maneno mengi na ya haraka, na wachambuzi waliikataa kuliko filamu yoyote ya Pixar iliyoitangulia. Ilikuwa ya kwanza ya studio hiyo kutoteuliwa kuwania Oscar ya aina yoyote. Pamoja na hayo iliingiza zaidi ya dola milioni 550, na hilo halimshangazi mtu aliyepita Kariakoo mwezi Januari na kuona mabegi ya shule yenye picha ya gari jekundu namba 95. Begi linauza filamu na filamu inauza begi. Mtoto ataing’ang’ania kwa sababu ya gari hilo, lakini atauliza “Anasema nini?” kila baada ya dakika mbili, na mzazi asione haya kuiruka.

Kinyume chake ni The Good Dinosaur ya mwaka 2015, ambayo ninaitetea kwa moyo wote. Ilibadilishiwa mwongozaji katikati ya kazi, ikaahirishwa hadi mwaka 2014 ukapita bila filamu mpya ya Pixar, na ilipotoka iliingiza takriban dola milioni 332 dhidi ya gharama isiyopungua milioni 175, jambo ambalo, ukiongeza matangazo na mgawo wa wenye kumbi, lilikuwa hasara. Lakini ndani yake mtoto wa binadamu asiyeweza kuongea na dainosaria aliyepotea wanaelezana habari za familia zao kwa vijiti vilivyosimikwa mchangani: mtoto anavilaza vijiti viwili vinavyowakilisha baba na mama, kisha anavifukia. Msiba mzima umesemwa hapo. Hadithi iliyobaki ina mapengo, nakubali, ila filamu yenye kipande kama hicho haikustahili kuhesabiwa kuwa aibu ya studio.

Anguko lililofuata Pixar na wamiliki wake walichangia kulijenga. Onward ilitoka Machi 2020 wakati kumbi zinafungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na hilo halikuwa kosa la mtu. Lakini baada yake Soul, Luca na Turning Red zilipelekwa moja kwa moja kwenye huduma ya intaneti ya Disney, ile ya mwisho kumbi nyingi zikiwa zimekwishafunguliwa. Familia za Marekani zilifundishwa kusubiri nyumbani, na zikajifunza. Lightyear ya mwaka 2022, ambayo kwangu ni maelezo matupu yaliyovishwa nguo za anga, iligharimu takriban dola milioni 200 na kuingiza milioni 226 tu. Elemental ilianza vibaya mwaka 2023, ikapandishwa na sifa za watazamaji hadi karibu milioni 500. Mei 2024 studio ilipunguza takriban asilimia 14 ya wafanyakazi wake, na mwezi uliofuata Inside Out 2 ikaanza safari ya kuingiza karibu dola bilioni 1.7.

Filamu hiyo ndiyo inayoupinga msimamo wangu kwa nguvu zaidi, maana wahusika wake, ambao ni hisia zinazoishi kichwani mwa msichana, huongea mfululizo. Nimeitazama tena kwa sababu hiyo. Nilichokiona ni kwamba pale inapofikia kilele, Wasiwasi anapozunguka mitambo ya kichwa cha msichana kwa kasi hadi anageuka kimbunga cha rangi ya chungwa, na nje msichana ameketi kando ya uwanja, mkono kifuani, pumzi zinamkatika, maneno yanakoma kuwa na kazi. Elio ya mwaka 2025 ilisifiwa na wachambuzi wengi, lakini ilianza na dola milioni 20.8 nchini Marekani, mwanzo dhaifu kuliko wote katika historia ya studio, na mtoto anayependa nyota asinyimwe kuiona kwa sababu ya hesabu hizo.

Dosari kubwa iliyobaki kwa mtazamaji wetu ni lugha. Studio ya Ubongo, iliyoanzishwa hapa Dar es Salaam mwaka 2013, imekuwa ikiwafundisha watoto hesabu na sayansi kwa katuni za Kiswahili tangu 2014, hivyo watu wa kuingiza sauti nzuri za Kiswahili wapo jijini hapa hapa, na Disney ingepaswa kuwaajiri. Hadi hapo, familia inayojipanga kulipa tiketi, bisi na nauli ya bajaji imwoneshe mtoto wa chini ya miaka saba WALL-E au Up nyumbani kwanza, na Inside Out 2 iwekewe aliyefikia miaka kumi, akiwa na mtu mzima pembeni wa kumtafsiria kwa sauti ya chini.