Primavera P6 kwa sisi wapanga ratiba wa nyuklia

Miaka kadhaa sasa napanga ratiba kwenye mtambo wa nyuklia huku Marekani na kazi yote naifanyia Primavera P6, programu ya kupanga ratiba za miradi, ile kampuni ya Oracle waliinunua 2008. Jamani ukishaizoea hutaki tena kurudi Excel. Kinu kinazimwa kila miezi 18 au 24 kubadilisha fueli, hapo kuna maelfu ya kazi, zinapangwa kwa masaa sio siku, na ikichelewa moja ambayo haina nafasi ya kusogea basi umeme nao unachelewa kurudi na kila bosi anakupigia wewe simu. Hapo ndo naipendea, unaingiza mabadiliko unabonyeza F9 inapiga hesabu upya, unaona mwisho umesogea wapi.

Ila mgeni haimwonei huruma. Ukisahau kuunganisha kazi na zile zinazoitegemea inakupa tarehe nzuri kabisa ya uongo, yalishanikuta usiku wa manane na kazi moja ya pampu, kosa langu mwenyewe lol. Kozi niliyolipia mwanzoni (jina silitaji) ilikuwa slaidi tupu, nilijifunza kwa kukaa na mzee mmoja wa kazini. Nyota nne.